Kiapo na Kubuni: Askari Kanzu Anapoandika Riwaya

1.0 Utangulizi

Insha hii inahusu swali ambalo kwa muda mrefu nililiona kuwa ni la wenzangu wa fasihi, wala si langu mimi ninayefundisha isimu. Mtu aliyefanya kazi ya kificho ya kuwanasa wauzaji wa dawa za kulevya anapotaka kuigeuza kazi hiyo kuwa riwaya, ni kipi anachoruhusiwa kukibuni, na ni kipi asichoruhusiwa? Swali hili lilinifikia mwaka 2018 kupitia mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, na halikuniacha mpaka liliponigusa mimi mwenyewe. Kwa hiyo sitaandika hapa kama mtafiti aliye mbali na data yake. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nitajaribu kuonyesha kwamba jibu la swali hilo, kwa kiasi kikubwa, limo katika sarufi ya Kiswahili.

Mwanafunzi huyo nitamwita Afande, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Alikuwa amelitumikia jeshi la polisi kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa ya muda huo akiwa askari kanzu katika mji mmoja wa pwani, na aliacha kazi kabla ya umri wa kustaafu ili asome. Umri wetu haukupishana sana. Kila nilipomwita hivyo alicheka na kusema, "Uafande nimeuacha kambini, Mwalimu," lakini aliitika. Tasnifu yake ilihusu msamiati wa vijiweni, na ilikuwa kazi safi. Baada ya kuitetea alirudi ofisini kwangu akiwa na madaftari manne makubwa, yale tuyaitayo kaunta buku, yaliyojaa mwandiko wa kalamu ya wino. Aliniomba niyasome kwa wasaa wangu. Ilikuwa riwaya.

2.0 Askari kanzu katika lugha na katika riwaya pendwa

Istilahi yenyewe inastahili kutazamwa kwanza. Kiswahili humwita mpelelezi asiyevaa sare askari kanzu, yaani humtaja kwa vazi analojifichia badala ya kumtaja kwa kazi anayoifanya. Hapana shaka kwamba jina hili lina busara yake. Linatukumbusha kwamba anayejificha kati ya watu hujificha ndani ya kitu ambacho watu hao wanakiheshimu. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako hutumika kwa maadui wa kila aina, lakini sidhani kama kuna anayeielewa vizuri kuliko askari wa aina hii, kwa kuwa yeye ndiye kikulacho na ndiye nguo.

Wengi wetu, tukifikiria kazi ya kificho, hudhani kwamba kazi kubwa ni kuyajua maneno. Kwa hakika maneno yapo mengi. Tangu heroini ilipoanza kuenea katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1980, Kiswahili kimezalisha msamiati mzima: unga, ngada, kete, teja, arosto, punda, mzigo. Baadhi ya maneno haya ni ya zamani yaliyoongezewa maana. Kete ilikuwa ya bao kabla haijawa ya kifurushi kidogo cha heroini, na punda alibeba chokaa na mawe kabla ya kuitwa mtu abebaye dawa tumboni. Afande alinifundisha kwamba kuyajua maneno haya ndiyo njia ya haraka ya kushukiwa. Katika kijiwe alichokaa, wenyeji hawakulitaja jina la kitu hata mara moja. Waliuliza tu, "Upo?" na kujibiwa, "Upo," au "Haupo." Kiambishi u- cha upatanisho kilitosha. Kinaweza kuwa cha unga, kinaweza kuwa cha mzigo, na kinaweza pia kuwa cha uji au mkate. Mgeni ndiye aliyetaja nomino. Mwenyeji alitaja upatanisho tu. Nimefundisha ngeli za nomino kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na sijapata kuona mfano ulio bora kuliko huo wa jinsi upatanisho unavyoweza kubeba maana nomino ikiwa imenyamazishwa.

Basi mtu huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kubuni nafsi nyingine na kuiishi kila siku, alitarajiwa kuwa mtunzi mzuri. Rasimu yake ya kwanza ilinivunja moyo. Shujaa wake alikuwa mrefu, mwenye bastola mbili na wanawake watatu, na tajiri wa dawa za kulevya aliishi katika jumba lenye bwawa la kuogelea. Niliijua asili yake. Kizazi chetu kilikua na riwaya za upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa wake mvuta kiko, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, iliyomtambulisha Willy Gamba, na baadaye Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wahakiki wetu waliziweka kazi hizi katika kundi la fasihi pendwa, na mara nyingine waliliita kundi hilo kwa sauti ya dharau. Mimi sina dharau hiyo. Ni riwaya zilizotufundisha wengi wetu kusoma kwa hamu.

Lakini ziko hivyo zilivyo. Katika zile nilizosoma, hadithi hufikia kilele pale mpelelezi anapofichua siri, naye msomaji hukifunga kitabu akiwa ametulia. Simkumbuki shujaa hata mmoja wa riwaya hizo ambaye uzito wa hadithi yake ulikuwa katika kusimama mahakamani, kula kiapo, kuulizwa maswali na wakili wa utetezi, na kutazamwa usoni na mama wa mshitakiwa. Kwa askari halisi wa dawa za kulevya, hapo ndipo kazi inapofikia kilele. Nilimwambia Afande kwamba ameandika habari za mtu ambaye hajapata kukutana naye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataandika upya, na safari hii ataandika kama ilivyokuwa.

3.0 Sarufi ya maelezo ya polisi

Aliporudi baada ya miezi minne, riwaya ilikuwa imegeuka maelezo ya polisi. Sura ya kwanza ilianza kwa sentensi ambayo niliinakili kwa ruhusa yake: "Mnamo majira ya saa nne usiku, kufuatia taarifa iliyopokelewa kutoka kwa raia mwema, upekuzi ulifanyika katika nyumba hiyo na mtuhumiwa alikutwa na kete zidhaniwazo kuwa ni dawa za kulevya." Kurasa mia mbili na kitu ziliendelea hivyo. Alikuwa amejaribu kusema kweli, na lugha pekee ya kusemea kweli aliyofundishwa ilikuwa hiyo.

Naomba msomaji aitazame sentensi hiyo pamoja nami. Upekuzi "ulifanyika". Hii ni kauli ya kutendeka, ambayo katika Kiswahili haina nafasi ya mtenda. Taarifa "ilipokelewa", nayo haisemi na nani. Kete "zinadhaniwa", bila kutaja mwenye dhana. Kilichonivutia zaidi ni "alikutwa na". Katika kauli ya kutendwa, kiunganishi na humwingiza mtenda: alikutwa na askari, aliitwa na hakimu, alipigwa na baba yake. Lakini Kiswahili kina na nyingine, ile ya kuambatana: alikuja na mzigo, alikuwa na kete. Katika sentensi ya polisi, msomaji anapofika kwenye "alikutwa na" husubiri kuambiwa ni nani aliyemkuta, na badala yake hupewa kete. Nafasi ya mtenda imekaliwa na kielelezo. Askari watatu, mlango uliosukumwa, tochi, na watu waliokurupuka usingizini, wote wameingia katika silabi moja na kupotea humo.

Sisemi kwamba maelezo ya aina hii ni uongo. Rejesta ya polisi ina dhima yake. Mahakama inahitaji kujua kilichopatikana, mahali, na saa, wala haihitaji kujua kwamba askari alikuwa na kichefuchefu. Lugha isiyo na mtenda humlinda mshitakiwa dhidi ya jazba ya askari, na humlinda askari dhidi ya kisasi. Pamoja na hayo, ina gharama, na gharama hiyo haionekani mpaka mtu ajaribu kuandika riwaya. Maelezo ya polisi yanaweza kuwa ya kweli katika kila neno na bado yasiseme ni nani aliyetenda. Riwaya haiwezi. Riwaya isiyo na mtenda haipo.

4.0 Mifano miwili kutoka Marekani

Kwa kuwa sikupata kwetu mfano wa askari wa kificho wa dawa za kulevya aliyegeuka kuwa mtunzi, nilitafuta nje, na Marekani nilipata mifano kadhaa. Miwili ilimfaa Afande, kwa sababu wahusika wake waliandika baada ya kusema uongo chini ya kiapo.

Wa kwanza ni Robert Leuci, mpelelezi wa kikosi maalumu cha dawa za kulevya cha polisi wa jiji la New York. Mwaka 1971 alikubali kushirikiana na waendesha mashitaka waliokuwa wakichunguza rushwa. Alivaa kinasa sauti mwilini na kuyarekodi mazungumzo ya mawakili na ya askari wenzake. Katika hatua za mwanzo alikiri kwamba yeye mwenyewe alifanya makosa machache tu, na baadaye ikamlazimu akiri kwamba yalikuwa mengi zaidi. Habari zake ziliandikwa kwanza na mtu mwingine. Robert Daley, aliyewahi kuwa naibu kamishna wa polisi wa jiji hilo, alichapisha Prince of the City mwaka 1978, na filamu yake ikatoka mwaka 1981. Ndipo Leuci alipoanza kuandika riwaya zake mwenyewe. Ya kwanza, Doyle's Disciples, ilitoka mwaka 1984, na nyingine zikafuata. Kitabu cha kumbukumbu zake, All the Centurions, kilitoka mwaka 2004, takriban miaka kumi kabla ya kifo chake mwaka 2015. Kwa mwanaisimu, mfuatano huu ni somo: kwanza alisimuliwa na mwingine katika nafsi ya tatu, kisha akabuni watu wengine na kuwapa mambo aliyoyajua, na mwishoni ndipo aliposema "mimi". Ilimchukua zaidi ya miaka thelathini kufika kwenye kiambishi ni-.

Wa pili ni Kim Wozencraft. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa askari wa kificho wa dawa za kulevya katika jimbo la Texas. Yeye na mwenzake walitumia dawa zile zile walizotumwa kuzinunua, wakawakamata watu wengi, na wakatoa ushahidi wa uongo mahakamani. Baadaye walikiri, naye akafungwa katika gereza la serikali ya shirikisho. Alipotoka alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1990 akachapisha riwaya iitwayo Rush. Filamu yake ilitolewa mwaka uliofuata. Msimulizi ni askari wa kike, Kristen Cates, anayezama pamoja na mwenzake Jim Raynor. Majina yamebadilishwa. Lililobaki bila kubadilishwa ni kwamba anayesimulia ndiye aliyetumia dawa na ndiye aliyesema uongo. Wozencraft hakumpa kosa hilo mhusika mwingine ili msimulizi wake abaki safi.

Afande alikisoma Rush kwa kamusi, kwa wiki sita. Alipokirudisha hakusema kama kimempendeza. Aliniambia tu kwamba sasa anajua kwa nini madaftari yake yamekufa.

5.0 Yaliyoachwa nje

Kilichofuata alinisimulia kwa mdomo, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa, kabla hajakiandika.

Kazini alikuwa muuza kahawa. Alitembea na birika lake la mkaa na vikombe, akakaa kwenye kijiwe kile kwa miezi saba. Kijana aliyekuwa akiuza kete pale aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, mama yule aliona kuwa muuza kahawa hana kwao, akawa anamwita nyumbani kufuturu. Alimwita mwanangu. Siku ya Idd alimpa kanzu iliyokuwa ya marehemu mumewe, kwa kuwa hakutaka kumwona akienda msikitini na shati la kazi. Afande alisema kwamba katika miaka yake yote ya uaskari kanzu, hiyo ndiyo kanzu pekee aliyopata kuivaa akiwa kazini. Bado anayo.

Mdogo wa yule kijana alikuwa teja. Alfajiri moja alikuja kwenye birika akiwa na arosto, akitetemeka, akapewa kahawa bure. Katika kulia kwake alisema kwamba kaka yake ndiye anayemuua, na akataja mahali ambapo vitu vilifichwa. Hakuwa akitoa taarifa polisi. Hakujua kwamba kuna polisi. Alikuwa akimlalamikia muuza kahawa. Siku tatu baadaye ilikuwa upekuzi, na katika maelezo yakaandikwa yale maneno mawili: raia mwema. Mahakamani, chini ya kiapo, Afande aliulizwa taarifa aliipata wapi, akajibu kwamba ilitolewa na raia mwema ambaye kwa usalama wake jina haliwezi kutajwa. Kaka alifungwa. Nje ya chumba cha mahakama mama alimwita kwa jina lake la bandia, akamwuliza: "Mwanangu, kwangu ulipungukiwa na nini?"

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Jibu la Afande mahakamani lilifuata taratibu, na jina la kijana yule lilistahili kulindwa. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2015 iko sheria mahususi ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na kwa haki kabisa. Uongo haukuwa katika kulificha jina. Ulikuwa katika kitenzi. Hakuna raia aliyetoa taarifa. Kulikuwa na mgonjwa aliyelalamika, na askari aliyeyachukua malalamiko yake na kuyageuza taarifa. Maelezo yalimfanya kijana kuwa mtenda katika jambo ambalo alikuwa mtendwa.

Sasa Afande alitaka kuandika, na hatari ilikuwa ya kweli. Mdogo yule yu hai. Ni miongoni mwa waliopata nafuu kwa dawa ya methadoni, matibabu ambayo Tanzania iliyaanzisha katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Riwaya ikimtambulisha, mtaa utamwita shushushu, na kwa jambo ambalo hakulifanya. Mwanzoni Afande alifikiri kumwondoa kabisa na kumweka mtu baki aliyekwenda kituoni kwa hiari yake. Hilo lingemlinda kijana, lakini lingekuwa kuurudia ushahidi ule ule wa uongo, safari hii kwa jina la fasihi.

Tulikaa na jambo hili kwa majuma kadhaa. Kanuni tuliyoifikia ni nyepesi kuitamka: mwandishi wa aina hii ana uhuru wote juu ya nomino, lakini hana uhuru juu ya kauli ya kitenzi. Abadili jina, mji, kazi, jinsia, umri, na undugu. Birika liwe toroli, kaka awe shangazi. Lakini aliyetumia asiandikwe kama aliyetumiwa, na aliyechukuliwa siri yake asiandikwe kama aliyeitoa. Msomaji aelewe kwamba kanuni hiyo nimeifuata hata katika insha hii. Baadhi ya nomino zilizomo katika sehemu hii si za kweli, na haitamsaidia mtu yeyote kuutafuta mji wala nyumba. Vitenzi ni vya kweli. Kanzu sikuibadili, kwa ruhusa yake.

Najua wenzangu wa fasihi watanipinga. Watasema kwamba mtunzi ni huru, na kwamba Muhammed Said Abdulla hakuwa na deni kwa maiti yoyote aliyemwumba. Nakubaliana nao. Kanuni hii haimhusu aliyebuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Inamhusu yule tu ambaye mambo hayo hayo aliwahi kuyasema mahali ambapo kubuni kunakatazwa. Aliyekula kiapo na kubuni, akija baadaye kuandika riwaya, anakuwa amezigeuza nafasi mbili: alibuni palipotakiwa ukweli, na sasa anatakiwa kusema kweli palipo na ruhusa ya kubuni. Sioni jinsi anavyoweza kulikwepa hilo, na sioni kwamba lilimpunguzia uwezo wa kutunga. Rasimu ya tatu ya Afande ina kurasa chache kuliko zile mbili. Haina bastola hata moja. Sura ya kufuturu ni ngumu kuisoma kwa mfululizo.

6.0 Kiapo changu

Katika mojawapo ya mazungumzo hayo Afande aliniuliza, kwa adabu yake ya siku zote, "Na wewe, Mwalimu, hujapata kula kiapo?" Nilimjibu kwamba nilipata, mara moja tu, mwaka 2004. Aliniomba nimsimulie. Nilimsimulia kwa kauli ya kutendwa.

Nilikuwa mhadhiri kijana. Niliitwa mahakamani kama mtaalamu wa lugha katika kesi ya dawa za kulevya. Kulikuwa na daftari dogo la hesabu na barua tatu, zote kwa Kiswahili cha mitaani, na upande wa mashitaka ulitaka kueleweshwa maana ya maneno mawili, unga na mzigo. Mshitakiwa alikuwa na genge la nafaka na viungo. Katika barua mojawapo mwandishi alilalamika kwamba unga wa mara ya mwisho ulikuwa umechanganywa na wateja wamenung'unika. Nilieleza, kama nilivyoeleza darasani mara nyingi, jinsi neno linavyopata maana mpya katika kundi maalumu la wasemaji. Nilisema kwamba katika muktadha ule yaelekea maneno hayo yalimaanisha heroini. Wakili wa utetezi akaniuliza kama nina uhakika.

Jibu sahihi nililijua. Hakuna mwanasemantiki ambaye, kwa barua tatu na daftari moja, anaweza kuwa na uhakika kwamba muuza unga anapoandika unga hamaanishi unga. Lakini nilikuwa nimevaa suti, nimetambulishwa kama mtaalamu, na hakimu alikuwa amesimamisha kalamu akinisubiri. Nilisema, "Ndiyo, nina uhakika." Wakati huo mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Baadaye niliiona nakala ya hukumu. Maelezo yangu ya nusu saa yalikuwa sentensi moja, na tafsiri yake ni kwamba mtaalamu amethibitisha maana ya maneno hayo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba "yaelekea" yangu iliuawa na tafsiri. Si kweli. Niliiua mwenyewe kabla hakimu hajaandika.

Mshitakiwa alitiwa hatiani. Kulikuwa na ushahidi mwingine, na inawezekana kabisa kwamba alikuwa na kosa. Hilo nimelitumia kujifariji mara nyingi, na sasa naliona kuwa halihusiki. Sikuulizwa kama ana kosa. Niliulizwa kama nina uhakika.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nilisimulie tena, na kila mahali niliposema "ilielezwa" na "ilionekana" niseme nilieleza na niliona. Nilifanya hivyo. Ni zoezi dogo la sarufi ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulimaliza kwa dakika kumi. Mimi lilinichukua mchana mzima, na sehemu kubwa ya insha hii imetokana nalo.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya kificho haigeuki riwaya kwa kuongezewa visa, kwa sababu visa vyake tayari ni vya kubuni. Hugeuka riwaya pale mwandishi anapowarudisha watenda ambao rejesta ya ushahidi iliwaondoa, kwanza kabisa yeye mwenyewe. Leuci na Wozencraft walilifanya hilo kwa njia tofauti na kwa gharama tofauti. Fasihi yetu ya upelelezi, ambayo ina historia ya zaidi ya miaka sitini, bado ina nafasi kwa mpelelezi ambaye hadithi yake haiishii kwenye ufichuzi bali inampeleka hadi kizimba cha shahidi. Watakaoiandika huenda wasitoke katika idara zetu za fasihi. Wengine watatoka vituoni na magerezani, nao watahitaji wasomaji wa rasimu ambao hawatawasifu kwa sababu tu wamepitia mengi.

Rasimu ya tatu haijapelekwa kwa mchapishaji. Afande ameamua kwamba wa kwanza kuisoma atakuwa yule aliyeitwa raia mwema, na kwamba akikataa, madaftari yatabaki sandukuni pamoja na kanzu. Mama alifariki kabla ya rasimu hiyo kukamilika.

Kwa upande wangu, mtu niliyemtolea ushahidi alimaliza kifungo chake zamani, nami sijamtafuta. Sidai kwamba insha hii inachukua nafasi ya kumtafuta. Nilichofanya hadi sasa ni kidogo. Katika kozi yangu ya semantiki nimeiweka ile sentensi ya barua, ya unga uliochanganywa na wateja walionung'unika, kama zoezi la wiki ya tatu. Wanafunzi hutakiwa kutoa maana zote zinazowezekana, na kwa kila maana waeleze ni kitu gani kingehitajika ili wawe na uhakika nayo. Kwa kawaida hawakosi kupata maana nne. Mimi, nikiwa na shahada zangu, nilitoa moja.